Daktari Cook wa Mengo na Wanafunzi Wake

Na mwanachama wa kidato cha tatu

Mwalimu mlezi wa chama alipotutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wenzangu walikimbilia majina tunayoyajua sote: Dedan Kimathi, Mekatilili wa Menza, Shaaban Robert. Mimi nilipotaja Daktari Albert Cook darasa zima liliangua kicheko, maana walidhani nimechagua mpishi. Mwalimu naye aliniuliza kwa nini niwaache Wakenya wote nikamtafute Mwingereza wa Uganda. Siku hiyo sikumjibu. Jibu ni refu kidogo na linaanzia kwenye mguu wa nyanya yangu.

Nyanya yangu, ambaye nyumbani sote humwita Cucu, alifanya kazi miaka mingi katika mashamba ya mananasi huku kwetu Thika. Nilipokuwa kidato cha kwanza alipata kidonda chini ya unyayo. Ana ugonjwa wa sukari, na watu wenye sukari ya siku nyingi miguu yao hufa ganzi, kwa hiyo alikitembelea kile kidonda mpaka kikaanza kunuka. Akalazwa. Hospitali gani sitasema, na tafadhali msinishike shati kuniuliza. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, ilikuwa zamu yangu kuvuka daraja la mto Chania kila jioni na themosi ya uji mkononi, daftari za kazi ya ziada kwapani.

Jumamosi moja nilikwenda asubuhi. Nikamkuta daktari mkubwa akizunguka wodini na wanafunzi wake wa udaktari, makoti meupe matupu, kama kumi hivi. Walifika kitandani kwa Cucu. Daktari hakumsalimu. Alishika blanketi akalifunua mpaka mapajani. Ndugu msomaji, Cucu ni mama mzee wa Kikuyu, wa kitambaa kichwani na kanisa kila Jumapili, na pale palisimama vijana wa kiume wenye umri wa wajukuu zake. Aligeuza uso ukutani. Daktari alieleza mambo ya mguu ule kwa Kiingereza kitupu, akauliza maswali, akamkemea msichana mmoja aliyekosea jibu, akafanya mzaha fulani nao wakacheka. Kulikuwa na kijana mmoja mwembamba amesimama karibu na kichwa cha Cucu. Nilimwona akifungua mdomo kama mtu anayetaka kuamkia, halafu akamtazama daktari usoni, akaufunga. Wakasonga kitanda cha pili.

Walipoondoka Cucu aliniuliza kwa Kikuyu watu wale wamesema nini juu ya mguu wake. Kiingereza changu cha kidato cha kwanza hakikuwa kikubwa, lakini neno la kukata nilikuwa nimelisikia. Nikamwambia wamesema unapona. Kisha nikashughulika na themosi.

Siku mbili baadaye aliletewa fomu aweke kidole gumba. Hivyo ndivyo alivyojua.

Tangu hapo nilikuwa na swali moja kichwani. Yule kijana mwembamba, je, siku akiwa daktari atakuwa wa kuamkia au wa kufunga mdomo? Wazee walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Hayo mambo ya mishipa na dawa mwanafunzi wa udaktari atayasoma kitabuni, lakini namna ya kumkaribia mtu aliyelala amevuliwa nguo ataisoma wapi, kama si kwa kumtazama mwalimu wake? Nilimpelekea mwalimu wetu wa historia swali hilo. Yeye hakunijibu, alinipa kitabu juu ya madaktari wa zamani wa Afrika Mashariki, na humo ndimo nilimokutana na Cook. Basi sasa tuanze.

Albert Ruskin Cook alizaliwa London tarehe 22 Machi 1870. Alisomea Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, mojawapo ya hospitali kongwe kabisa za Uingereza. Kijana wa namna hiyo angeweza kufungua duka lake la uganga mtaa wa matajiri akala vizuri mpaka uzeeni. Lakini mwaka 1896 alijiunga na shirika la wamisionari wa Kianglikana, CMS, akapewa Uganda.

Meli iliwashusha Mombasa mwezi wa Oktoba 1896. Reli ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa, kwa hiyo safari ilikuwa ya miguu. Hebu fikirieni. Sisi tukikosa matatu kutoka Ruiru hadi Thika tunaona dunia imekwisha! Hao walitembea kutoka pwani, wakapita nyika kavu ya Ukambani, wakapita nchi yetu hii ya Wakikuyu wakati mji wa Nairobi haujakuwako, maana Nairobi ilianza mwaka 1899, wakashuka Bonde la Ufa wakapanda tena, mpaka wakafika Mengo, penye makao ya Kabaka wa Buganda, mwezi wa Februari 1897. Daktari wetu hata miaka ishirini na saba alikuwa hajatimiza. Katika msafara huo alikuwamo nesi mmoja, Bi Katharine Timpson. Mwaka 1900 wawili hao walioana, na tangu hapo ni vigumu kusimulia habari za mmoja bila mwingine, ingawa vitabu vingi humtaja mume kwanza.

Hospitali ya Mengo ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1897, katika nyumba ya matete na nyasi. Wagonjwa hawakungoja afungue masanduku. Mwaka haukuisha kabla vita havijazuka: askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia serikali ya Waingereza waliasi, wakajifungia ngomeni kwa Luba huko Busoga, na Cook akaenda kuwatibu majeruhi. Huko ndiko alikofia George Pilkington, mmisionari mwenzake aliyeitafsiri Biblia kwa Kiganda. Nayataja haya kwa haraka kwa sababu vita si habari niliyoifuata.

Niliyoifuata ni hii. Cook alikuwa na tabia ya kuandika. Tangu mwanzo kabisa aliandika kwa mkono wake habari za wagonjwa waliolazwa, mmoja mmoja: amekuja na nini, amekutwa na nini, amefanyiwa nini, mwisho wake umekuwaje. Mahali pengine alichora picha ya uvimbe au kidonda. Madaftari hayo yalijaa mwaka baada ya mwaka. Mtu anayekaa usiku chini ya taa ya mafuta, amechoka, wadudu wanamzunguka, na bado anaandika habari za mkulima asiyemjua ambaye hatamlipa, mimi naona huyo hajamwona mgonjwa kama nambari ya kitanda. Mwalimu wangu wa historia alinionya nisikimbie sana hapo, kwa sababu madaktari wa siku hizo walipenda kuandika kwa ajili ya sayansi pia. Sawa. Lakini ili uandike mgonjwa alianza kuumwa lini na ameishi vipi na maumivu hayo, ni lazima kwanza umuulize, na umngojee ajibu.

Na atakuulizaje kama hajui lugha yako? Hapa ndipo Cook aliponishinda kabisa. Alijifunza Kiganda. Hakukomea kujifunza yeye peke yake, alitunga pia kitabu cha maneno ya kitabibu kwa Kiganda, ili daktari mgeni na nesi mgeni wapate jinsi ya kusema na mgonjwa: wapi panauma, tangu lini, umelala usingizi. Wengi wetu tunadhani lugha ya hospitali ni Kiingereza na mgonjwa asiyekijua ni shauri yake. Kumbe zaidi ya miaka mia moja iliyopita alikuwapo Mwingereza, mtu wa Cambridge, aliyeona kwamba asiyejua lugha ni daktari, na kwa hiyo daktari ndiye anayepaswa kwenda shule.

Nduguye, Daktari Jack Cook, alimfuata Mengo mwaka 1899. Mwaka 1901 ndugu hao wawili walianza kuona wagonjwa wa ajabu. Walikuja wamevimba tezi za shingo, wakawa wanasinzia mchana, wakakonda, wakachanganyikiwa akili, na mwishowe wakalala usingizi usioamka. Yalikuwa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Ndugu hao ndio walioutambua kwanza nchini Uganda. Mlipuko huo uliua watu zaidi ya 200,000, hasa Busoga na kando ya Ziwa Viktoria na visiwani mwake. Vijiji vilibaki magofu. Dawa haikuwapo. Baadaye wataalamu waliletwa kutoka Ulaya wakagundua kijidudu chenyewe, na serikali ikawahamisha watu kutoka ufukoni, lakini mwanzoni daktari wa Mengo alikuwa na uwezo wa kulijua jina la ugonjwa na si zaidi. Nimejiuliza mara nyingi daktari hufanya nini anapokuwa hana dawa. Nadhani hapo ndipo unapomjua daktari ni wa aina gani, maana dawa ikiwapo hata mtu mwenye roho ngumu anaweza kuponya.

Mwezi wa Novemba 1902 radi ilipiga hospitali, na paa la nyasi, si mnajua, ikateketea. Wakajenga nyingine ya matofali, iliyofunguliwa mwaka 1904. Naruka miaka kadhaa.

Mwaka 1917 Cook alianzisha pale Mengo shule ya kuwafunza vijana Waafrika kazi ya utabibu. Kumbukeni mwaka huo ulikuwaje. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vinaendelea, vijana wetu wa Kenya na Uganda walikuwa wanakufa kwa maelfu wakiwa wapagazi wa jeshi huko Tanganyika, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Wazungu wengi wa wakati ule walimwona Mwafrika kuwa wa kufagia wodi na kubeba machela. Yeye akaona wa kufundishwa kumpima mgonjwa. Elimu yenyewe haikuwa ya kumfanya mtu daktari kamili, na hilo tusilifiche. Lakini mlango ulifunguka. Miaka michache baadaye, kati ya 1923 na 1924, serikali nayo ilianza mafunzo ya utabibu ya Makerere katika hospitali ya Mulago, ng'ambo ya pili ya mji huo huo wa Kampala.

Mafunzo ya namna hii yalikuwa yanabadilika duniani kote katika maisha ya Cook. Zamani huko Ulaya na Marekani mwanafunzi angeweza kuketi ukumbini miaka, asikilize mihadhara, apewe cheti, na asiwe amemgusa mgonjwa hata mmoja. Daktari William Osler, mzaliwa wa Kanada aliyefariki mwaka 1919, ndiye aliyesifika zaidi kwa kuwatoa wanafunzi ukumbini akawaingiza wodini, katika hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, akawafundishia kando ya kitanda. Ilikuwa hatua kubwa sana. Lakini wacha nikwambie, ndugu msomaji, hatua hiyo ndiyo iliyowaleta wale kumi kwenye kitanda cha Cucu. Kitanda kikiwa ubao wa mwalimu, aliyelala juu yake anaweza kugeuka chaki. Yote hutegemea aliyeshika blanketi.

Bibi Cook naye alikuwa na wanafunzi wake, na kwangu mimi hawa ndio walionivutia kupita wale wa mume. Watoto wengi wa Buganda walikuwa wanakufa wakizaliwa, na mama zao pia. Katharine alianza kuwafunza wasichana wa Kiafrika kazi ya ukunga. Shule yao ilifunguliwa rasmi mwaka 1921 ikapewa jina la Lady Coryndon, mkewe Gavana wa Uganda. (Gavana huyo baadaye alihamishiwa Kenya, na Jumba la Makumbusho la Nairobi liliitwa kwa jina lake kabla ya uhuru.) Wakunga waliohitimu hawakubaki mjini kula upepo. Walipelekwa mashambani, kwenye vituo vidogo vya uzazi, ambako msichana mmoja aliyefunzwa alikuwa ndiye daktari, ndiye nesi na ndiye dereva wa baiskeli.

Bwana na Bibi Cook waliwaandikia wakunga hao kitabu cha kuzalisha. Kiliitwa Amagezi Agokuzalisa, na kiliandikwa kwa Kiganda. Niliposoma hilo niliweka kitabu chini nikatoka nje. Fikirieni msichana wa wakati ule, amesoma mambo ya mfuko wa uzazi na kitovu na homa ya uzazi katika lugha ya mamake. Akiulizwa na mama mwenye uchungu kinachoendelea mwilini mwake, anayo maneno ya kumjibu. Hana haja ya kudanganya, kama nilivyodanganya mimi, kwa kukosa pa kuanzia. Mpaka leo wanafunzi wetu wa udaktari hujifunza kila kitu kwa Kiingereza kisha wakatupwa wodini kwa kina Cucu. Wengine hujitahidi. Wengine huona afadhali wanyamaze, na mgonjwa hudhani ni dharau hata pale ambapo ni upungufu wa maneno tu. Nyinyi mnaonicheka kwa kupenda chama cha Kiswahili kuliko klabu ya sayansi, mnaona sasa?

Lakini nikiwaacha mkidhani Cook alikuwa malaika nitakuwa nimewadanganya pia, na nimekwisha kuacha mchezo huo. Alikuwa mtu wa zama zake na wa utawala wake. Wagonjwa waliokuja kutibiwa walihubiriwa kwanza, wapende wasipende. Na kuna jambo zito zaidi. Miaka ya kwanza ya karne ya 20, yeye na madaktari wengine wa Kiingereza waliamini kwamba kaswende imewaenea Waganda kupita kiasi, wakatangaza hivyo mpaka Uingereza, na wakailaumu tabia ya watu, hasa ya wanawake. Watu wakapimwa kwa makundi kama ng'ombe. Wataalamu waliochunguza baadaye wameona kwamba huenda sehemu kubwa ya wagonjwa wale hawakuwa na kaswende hiyo ya zinaa, walikuwa na maradhi yanayofanana nayo, kama vile buba, ambayo mtoto huweza kuyapata kwa kucheza na mwenziwe.

Jambo hili lilinisumbua, nikataka hata kulitupa insha nianze upya na Kimathi. Mtu aliyejifunza lugha ya mgonjwa, aliyeandika habari zake kwa mkono wake, aliwezaje kumhukumu hivyo? Nimekaa nalo. Naona kwamba alipomtazama mgonjwa mmoja kitandani alimwona mtu, lakini alipowatazama Waganda wote kwa pamoja kutoka juu ya kilima chake, aliona kundi lenye dhambi. Labda huruma ni jambo la karibu, halioni mbali. Au labda wanafunzi wake walijifunza yote mawili, mkono mpole na hukumu ngumu, kwa sababu mwanafunzi huchukua kila kitu bila kuchambua. Walimu mtanisamehe nikisema hivyo.

Mwaka 1932 Mfalme wa Uingereza alimpa Cook heshima ya kuitwa Sir. Akastaafu mwaka 1934, lakini hakurudi kwao. Bibi Katharine alifariki mwaka 1938. Mzee aliendelea kuishi Kampala, akaandika kitabu cha kumbukumbu zake za Uganda kilichotoka mwaka 1945, akafariki mwezi wa Aprili 1951 akiwa na umri wa miaka 81. Alikuwa ameishi Uganda zaidi ya miaka hamsini, maisha ya watu wawili wa siku zile.

Yale madaftari yake, je? Hayakutupwa. Miaka baada ya yeye kufa, wataalamu wa Makerere waliyafungua wakayasoma yote, na mwaka 1964 wakachapisha hesabu ya saratani zilizoonekana Mengo tangu 1897. Kulikuwa na sababu. Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya, kisha akaona mwingine, na mwingine, akatambua kuwa huo ni ugonjwa mmoja wa saratani ambao vitabu vya Ulaya havikuwa vimeueleza. Leo dunia nzima inauita kwa jina la Burkitt, na unatibika kwa dawa. Wachunguzi waliporudi kwenye kumbukumbu za Mengo walikuta watoto wa namna hiyo wamo, wameandikwa na Cook miongo mingi nyuma. Hakujua ni nini. Ila alikuwa amewaona, akaandika alichokiona. Maktaba ya chuo cha udaktari cha Makerere inaitwa kwa jina lake.

Na sisi Wakenya tuna deni huko. Kabla Chuo Kikuu cha Nairobi hakijafungua kitivo chake cha udaktari mwaka 1967, kijana wa Kenya aliyetaka kuwa daktari bila kuvuka bahari alipanda gari moshi kwenda Makerere. Madaktari wengi wa kwanza wa nchi hii walifundishwa kule, wakarudi, wakafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine. Kwa hesabu hiyo yule kijana mwembamba wa wodini ni kitukuu cha shule ya Mengo, ingawa pengine hajawahi kulisikia jina la Cook. Sijui kati ya kisogo chake na cha yule mzee wa Mengo ni visogo vingapi, wala ni wapi kati yao salamu ilipodondoka.

Hapa Thika tunawaona wanafunzi wa udaktari na uuguzi kila siku. Tunapanda nao matatu, wanaandika mambo yao magotini, makoti yamekunjwa ndani ya mifuko. Wawili watatu katika shule yetu wanataka kuwa kama wao. Mimi pia, alama za kemia zikikubali. Mwaka jana niliogopa kulisema hilo nyumbani kwa sababu ya Cucu, nikidhani atanionea vibaya.

Cucu alikatwa vidole viwili vya mguu wa kulia, si mguu wote. Yuko nyumbani, anatembea kwa bakora, na kila jioni ni lazima mtu amkague nyayo zote mbili kwa tochi kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kusikia kidonda kikianza. Mtu huyo ni mimi. Nilipomaliza insha hii nilimsomea, nikiigeuza kwa Kikuyu kadiri nilivyoweza. Alipenda habari za Bibi Cook na wakunga kuliko zote, akaniuliza kama huyo mama alizaa watoto wake mwenyewe. Nilipofika pale nilipoandika juu ya uwongo wangu sauti ilinikauka. Nikataka kuruka mstari. Nikausoma.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema alijua tangu siku ile, kwa kuwa nilipokuwa nikimwambia anapona nilikuwa namimina uji mezani, kando ya kikombe. Akaninyooshea mguu, akaniambia nilete tochi.